Kumtafuta Mmethodisti Vijijini Magharibi mwa Kenya

Babu yangu alibatizwa Ribe, na kwetu Pwani ukishasema hivyo hakuna wa kukuuliza cheti. Ribe, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, ndiko Thomas Wakefield alikoanzisha misheni ya Methodisti mwaka 1862, na ndiko mkewe Rebecca alikozikwa mwaka 1873. Basi nilipohamia Kisumu kikazi niliulizia kanisa kongwe la Methodisti, si la mjini, la kijijini hasa, lenye makaburi ya wazee nje. Wenzangu ofisini walitazamana. Mmoja akaniambia, "Ndugu yangu, huku ulikokuja si kwenu."

Jumamosi moja nikaamua kwenda kuona ni kwao nani. Stendi ya Kisumu nilipanda matatu ya Luanda, kiti cha mbele kwa dereva. Baada ya Kisian barabara inaanza kupanda, ziwa linabaki nyuma, mawe makubwa yanatokeza mashambani. Kabla hujakaa sawasawa umefika Maseno, palipo na bango la ikweta. Watu hushuka kupiga picha. Mimi niliingia njia ya shule.

Maseno ilianza mwaka 1906, na mwanzilishi wake ni J. J. Willis wa misheni ya Kianglikana ya CMS. Jaramogi Oginga Odinga alisoma hapa, kisha akarudi kufundisha. Hayo kila mtu anayajua. Kilichonileta ni habari nyingine ya huyu Willis, kwa sababu inatuhusu sisi.

Mwaka 1912 alifanywa Askofu wa Uganda. Mwaka uliofuata alikwenda Kikuyu kwenye mkutano wa wamisionari, ambako Waanglikana, Wapresbiteri wa Kiskochi, wale wa AIM (Africa Inland Mission) na Wamethodisti wetu walipanga kushirikiana badala ya kugombea waumini. Siku ya kufunga, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskochi, na Wamethodisti wakapokea mkate pamoja na wengine. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwaka moto. Aliwashtaki Peel na Willis kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi, eti wamewashirikisha wasio Waanglikana! Suala hilo lilitikisa Uingereza nzima, na chanzo ni kipande cha mkate mikononi mwa watu kama babu yangu.

Lakini ushirikiano ulikuwa na upande wake wa pili, ambao kwa maoni yangu hausemwi vya kutosha: mipaka. Misheni ziligawana nchi ili zisikanyagane. Wamethodisti, kando na Pwani, walikwenda Meru mwaka 1912. Huku magharibi nafasi zilikuwa zimekwisha kushikwa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na kila aliyeshuka garimoshi alichagua kilima chake. Church of God walikaa Kima, hapo Bunyore, karibu kabisa na Maseno. Wakatoliki wa shirika la wamisionari la Mill Hill walianza Kisumu wakafika Mumias. Hata leo, kwa wazee, ukitaja kijiji umekwisha kutaja dhehebu.

Waliotangulia Waprotestanti wote hao ni Marafiki, ndio Quaker, nami nikataka kuwaona. Toka Luanda nilikata kwenda Majengo, nikapanda nyingine hadi Chavakali, ya tatu ikanifikisha Kaimosi. Hewa ni baridi, miti mingi. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walipachagua hapa, mpakani mwa Watiriki na Wanandi. Misheni yao waliiita ya viwanda: pamoja na Injili walifundisha kupasua mbao na useremala. Leo Wakenya ndio wengi kuliko Marafiki wa nchi nyingine yoyote duniani.

Mzee mmoja wa kanisa alinipokea. Nilimwamkia, nikamweleza natoka Ribe na ninachotafuta. Alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mmechelewa. Hata mke wangu nilimtoa Kima, ikabidi aache yao aje yetu."

Akanifungulia kanisa. Nilitazama mbele nikitafuta meza ya Bwana. Hamna. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai. Wanasema hayo ni ya rohoni. Mzee aliona macho yangu yanavyohangaika.

"Kwenu mkate mnakula mara ngapi?"

"Kila mwezi, mzee."

"Sisi hapa hatujaula tangu 1902," akasema, "na unaona tulivyonenepa." Kisha akatoka kunitafutia bodaboda wa kunirudisha barabarani, akabishana naye bei kwa Kitiriki hadi ikapungua.