Bahasha ya bosi si fidia ya mlinzi

Baba mdogo analinda ghala la mchele Uyole. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, vijana walimvamia usiku wakamkata panga mkono wa kulia. Kidonda kimepona, lakini vidole viwili havikunji. Kirungu hakishiki, jembe ndiyo kabisa.

Akiwa bado na bandeji, kampuni yake ilimletea bahasha: hela ya kula wiki chache, na karatasi inayosema amepokea na hatadai tena. Kwa kuwa mkono wa kusaini ulikuwa umefungwa, walikuja na pedi ya wino aweke dole gumba la kushoto. Akaomba kwanza aje dukani kwangu Mwanjelwa nimsomee. Nilitetemeka kwa hasira.

"Baba mdogo, hii usiweke dole." Bahasha ikarudi kwao siku hiyo hiyo.

Nina stesheneri, barua za walinzi nazichapa sana, na wengi wanadhani mambo haya ni ya NSSF au bima ya afya. Siyo. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mshahara wa mlinzi haukatwi hata senti. Aliyeumia kazini anatibiwa, na muda asioweza kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu una malipo yake, na akifariki wategemezi wake wanalipwa.

Sasa kama Mfuko ndio unaolipa, bosi anahangaika na bahasha ya nini? Kwa ninavyoona mimi, anaogopa kuulizwa michango. Walinzi wengi wanalipwa mkononi, mkataba hawana, wanaitwa vibarua miaka nenda rudi.

Kilichotubeba ni kitabu cha zamu. Msimamizi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mlinzi kajeruhiwa saa tisa usiku, kapelekwa hospitali." Tukapiga picha ukurasa ule, tukaambatanisha na nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na vyeti vya matibabu. Nikachapa barua kumtaka mwajiri atoe taarifa WCF, nakala tukaipeleka wenyewe kwenye Mfuko. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo ahadi za "subiri kidogo" hatuzikubali.

Sasa anasubiri tathmini ya ulemavu. Mlinzi mwenye karatasi kama ile aje nayo dukani kabla hajagusa wino. Kuchapa barua hiyo simtozi mtu.