Nilijirekodi mpaka neno "heart" likasikika mlimani

Nilibeba mizigo Mlima Kilimanjaro miaka minne kabla ya kuwa msaidizi wa mwongoza wageni. Kiingereza nilikuwa nacho. Nilikipata shuleni, nikakiongeza njiani kwa kuwasikiliza wageni, na usiku sisi wapagazi tukikusanyika jikoni mimi ndiye niliyewatafsiria wenzangu. Sikudhani nina tatizo lolote mpaka siku ile Horombo.

Horombo ni kituo cha pili njia ya Marangu, mita 3,720, na wengi hulala pale usiku mmoja wa ziada ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mzee mmoja kutoka Uingereza alikuwa amekaa kwenye ngazi za banda, mkono kifuani. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza kama moyo unamuuma. "Your heart, it hurts?" Ndivyo nilivyojua nimesema. Mzee akapandisha mkono kichwani, akagusa kofia yake ya sufu, akatabasamu: ndiyo, ina joto zuri, asante. Nikaona amenijibu kwamba yuko salama, nikaenda kuangalia chai.

Saa moja baadaye mkuu wetu wa msafara alimuuliza swali lilelile, akaambiwa kifua kimembana tangu mchana. Aliteremshwa jioni hiyohiyo na akapata nafuu, kwa sababu tiba kubwa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Lakini ile saa moja ilinikaa rohoni. Nilimuuliza mtu habari za moyo wake, yeye akasikia habari za kofia.

Nimepanga chumba Majengo, Moshi mjini, na jirani yangu mlango wa pili ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Niliporudi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia usoni. "Marahaba mwanangu. Mlima umekufanya nini safari hii?" Nikamweleza yote. Hakunipa kitabu wala hakunisahihisha papo hapo. Alinituma nikajirekodi kwenye simu nikisema maneno manne, hat (kofia), hut (kibanda), heart (moyo) na hurt (kuuma), kila moja mara 5, kwa kuyachanganya. Orodha nibaki nayo mfukoni, yeye nimletee sauti tu.

Kesho yake alisikiliza akiwa amefumba macho, kalamu mkononi, akiandika alichosikia. Tulipolinganisha karatasi zetu, yake ilikuwa na "hat" kutoka juu hadi chini, na "hut" tatu au nne hivi. "Mwanangu," akasema, "hapa mimi nimesikia neno moja tu."

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba usiku ule, kabla sijampelekea, nilikuwa nimejisikiliza mwenyewe mara mbili na sikusikia kosa. Nilijua nilichokusudia, basi sikio likanipa kile nilichokusudia. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza cha Uingereza kina kama 20 ukihesabu zile ndefu na zile mbili-mbili zinazoungana. Maneno yale manne yote, kwetu, yanatumbukia kwenye "a" moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba simu peke yake haitoshi. Simu inatunza sauti. Anayekuambia umesema nini ni mtu asiyejua ulitaka kusema nini.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza hakuniruhusu hata kutamka. Yeye alisema, mimi nikaonyesha kwa kidole ni neno lipi. Sikio lilipoanza kutenganisha ndipo tukahamia kinywani. Kwa "hat" unafungua mdomo na kuvuta pembe zake, ulimi mbele, mahali fulani kati ya "a" yetu na "e" yetu. "Hut" ni "a" yetu iliyokatwa fupi. "Heart" ni ile "aaa" ya kumwonyesha daktari koo, tena iburute. "Hurt" ndiyo iliyonitesa: midomo imelegea, ulimi unaelea katikati bila kugusa popote, na Kiswahili hakina irabu inayokaa pale. Nilikaa mbele ya kioo cha kunyolea siku nyingi nikiitafuta.

Kurekodi nilijifunza kwa kukosea. Bati likipigwa na mvua husikii kitu, na bodaboda Majengo hazilali, basi nilijifunika blanketi kichwa kizima, nikashika simu upana wa kiganja kutoka mdomoni. Rekodi isizidi dakika moja, kwa sababu ndefu hutairudia. Na usirekodi sauti yako peke yake: weka neno kutoka kamusi ya kwenye simu, kisha lako, kisha la kamusi, kisha lako, yafuatane. Zikikaa bega kwa bega hivyo, tofauti inajitokeza yenyewe. Mwanzoni utaichukia sauti yako. Ukiongea, unajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na rekodi haina mifupa. Ndani ya wiki unazoea.

Nilijaribu pia ile programu ya simu inayoandika unachosema. Inafaa, ila uipe neno moja moja. Ukiipa sentensi nzima inakisia kutokana na maneno ya jirani na kukurekebishia kimyakimya, kisha unajidanganya kwamba umeweza.

Sauti ya "th" nilidhani itakuwa mlima mwingine. Mwalimu akaniuliza: thelathini unaitamkaje? Nikasema "selasini". Akanitazama bila kusema neno. Kumbe sauti tunayo nyumbani: ya "think" ni ile ya thamani, ya "this" ni ile ya dhahabu. Tangu hapo nimesahihisha Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, na nashukuru zaidi kwa hicho cha pili.

Kilichobadilisha mambo haraka kuliko vyote kilikuwa mkazo. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na mimi niliupeleka hukohuko Kiingereza. Nilisema "ok-SI-jen", wageni wakakunja uso, ingawa kila herufi ilikuwepo. Mkazo unaanza mwanzoni: OK-si-jen. AL-ti-tude vilevile. Maneno haya niliyafanyia mazoezi nikitembea, kwenye msitu kabla ya Mandara, kituo cha kwanza, mguu wa kulia ukikanyaga kwenye mkazo. Mwendo wa pole pole wa mlimani unafaa sana kwa kazi hiyo.

Wenzangu walisema nimeanza kubana pua. Niliwajibu kwa dhati kwamba lafudhi yangu ni ya Kibosho na siiachi. Sitaki mgeni adhani nimezaliwa London. Nataka nikimuuliza habari za moyo, gizani, upepo ukivuma, ajue nimeuliza habari za moyo.

Baada ya miezi 5 Mwalimu alinipa mtihani mpya wa maneno 20 yaliyochanganywa, akapatia 18. Mawili aliyokosa ni "leave" (ondoka) na "live" (ishi), na hayo siwezi kuyakwepa, kwa sababu kila safari, Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, mimi ndiye ninayewaambia wageni saa ya kuondoka kwenda kileleni. Ya kwanza ni ndefu na midomo imevutwa, ya pili ni fupi na imelegea. Naijua tofauti yake, naisikia akiisema yeye, kinywani kwangu bado inateleza. Kwa sasa ninawaambia "we go at midnight" huku nikiwaonyesha saa ya mkononi, na chini ya blanketi naendelea na "leave".