Nafasi ilikwisha

Jumamosi, saa nne usiku. Umeme umekwenda tangu magharibi. Simu ina asilimia 31, kwa hiyo mkiona nimekatika katikati msinitafute.

"Madamu, mimi nimehesabu."

Tangu Jumatatu maneno hayo yananizunguka kama nzi. Raila kazikwa Bondo Jumapili, mshahara umeingia Jumanne, wifi kajifungua pacha Jumatano na wote wazima. Haya yote yamenipita pembeni. Mimi bado niko Jumatatu, saa ya uji, mbele ya ubao wangu mwenyewe.

Mnaukumbuka ule ubao wa chama cha Kiswahili. Niliuanza Ngũgĩ alipofariki kule Georgia, Marekani, mwezi wa tano, manila moja ya bluu, yeye peke yake. Mwezi wa nane akaongezeka Mama Rhoda Kalema, mbunge wetu wa zamani. Nikaona mbona wanaokumbukwa ni watu wa vitabu na Bunge tu, na sisi huku Kapchorwa, mlima Elgon, tuna wafu wetu wa mbio. Nikarudi nyuma kidogo, nikawaweka Benjamin Kiplagat na Rebecca Cheptegei, wote wawili waliouawa. Kisha Raila naye akafa India, na naibu mkuu akaniletea manila ya tano kwa mkono wake, yeye ambaye muhula wa kwanza aliniambia Kiswahili ni lugha ya askari na akaninyima gundi. Juu nikaandika kwa maka nyekundu: WALIOTUTOKA. Nikasimama mbali kidogo nikautazama, nikajipenda.

Basi Jumatatu akaja yule wa S.2, kidato cha pili, nimewahi kumsimulia hapa, anayekaa dirishani na ambaye kila siku ya michezo ana kifua. Watu wanadhani kwenye mlima huu tunazaliwa tukikimbia. Huyu hakimbii hata mvua ikimkuta njiani. Kikombe cha uji mkononi, mkono wa sweta umefumuka.

"Madamu, mimi nimehesabu."

"Umehesabu nini?"

"Mistari. Ya Rebecca ni kumi na mitatu. Kumi na mmoja ni namna alivyouawa."

Nikageuka nikasoma, kana kwamba mwandishi ni mtu mwingine. Petroli aliyomwagiwa na mpenzi wake wa zamani ipo. Jumapili tarehe 1 Septemba 2024 ipo. Endebess ipo, hospitali ya Eldoret ipo, siku nne za kitandani zipo. Sehemu ya mwili iliyoungua nimeiandika kwa asilimia, tena nimeipigia mstari. Tarehe 5 akakata roho, tarehe 14 akazikwa Bukwo kwa heshima za kijeshi. Halafu chini kabisa, herufi zimebanana kama abiria wa teksi ya Mbale: mwanariadha, alikimbia Olimpiki ya Paris.

Hakusubiri nimuulize kuhusu wengine. "Kiplagat ni nusu kwa nusu. Ngũgĩ hujaandika amekufa na nini. Yule mama pia. Wao umewaandikia kazi."

Na mimi, mwalimu mwenye miaka kumi na sita kazini, nikasema: "Nafasi ilikwisha."

"Haya, Madamu."

Akaenda kusuuza kikombe.

Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo haya nazijua. Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kuaga, kuna haya ya kumharakisha mtoto. Hii yake ilikuwa ya mtu aliyemwona mkubwa wake nguo imemdondoka, akageuza uso. Ile nyingine, ambayo ni jina na si kiitikio, ilibaki kwangu.

Jumatatu usiku nikiosha vyombo nikapata jibu zuri: "Wewe ungeandika nini?" Jumanne bafuni nikapata zuri zaidi: kwamba alivyouawa lazima kusemwe, kwa sababu nina wasichana darasani ambao kesho watapendwa na mtu wa aina ile, na mimi nataka wajue mapema. Hilo nalisimamia mpaka leo. Ila nikijisikiliza nasikia kwamba hilo si jibu la alichoniuliza. Hakusema nisiandike. Alisema kumi na mmoja kwa miwili.

Nikamweleza baba watoto. Akasema, "Mtoto amehesabu tu." Nikamwambia ndilo hilo tatizo, amehesabu tu.

Mnajua kilichoniuma zaidi? Jina la yule mwanamume sikuliandika. Nilikuwa nimejisifu kwa hilo, hata stafurumu nilisema: kwenye ubao wangu hapati jina. Kumbe jina nimemnyima, nafasi yote nimempa. Kumi na mmoja ni mistari yake yeye. Rebecca kapata miwili ya chini.

Na siyo kwamba siwezi. Tazama Mama Kalema. Baba yake, Nsibirwa, alipigwa risasi 1945. Mumewe alichukuliwa 1972 enzi za Amin, hakuonekana tena. Kama kuna mtu ambaye vifo vingemmaliza kwenye manila ni yeye, lakini kwake nimeandika chama alichosaidia kukianzisha 1980, kufungwa kwake na kutoka kwake, na Katiba aliyokaa kuijadili akiwa bibi kizee tayari. Ngũgĩ nimempa Makerere, tamthilia yake iliyochezwa Kampala 1962 angali mwanafunzi, na riwaya aliyoiandika kwenye karatasi za chooni akiwa gerezani Kamiti, ambayo watoto wanaisoma wakisukumana. Raila nimempa ile safari ya 1991, alivyovuka ziwa kwa mashua kuja Uganda amevaa kama padri. Wazee wangu wameandikwa kama hadithi. Wanariadha wetu wawili nimewaandika kama jalada la polisi.

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu wao walikufa vijana, na kifo cha kijana kinapiga kelele mpaka husikii kingine. Labda kwa sababu za mbio sikuwa nazijua. Hili la pili ndilo la kweli zaidi. Nimezaliwa mlima huu, nimepiga vigelegele barabarani Stephen Kiprotich alipotuletea dhahabu ya London 2012, na bado ukiniuliza Rebecca alikimbia nini ningesema "marathoni" nikanyamaza.

Jumatano nikaibandua ile manila. Nikakaa na mwalimu wa Hesabu, kalamu mkononi. Marathoni ya Abu Dhabi, 2022: saa mbili, dakika 22, sekunde 47. Mwalimu akagawanya kwa kilomita 42 na mita 195, akanisogezea kijikaratasi: dakika 3 na sekunde 23 kwa kila kilomita. "Kila moja," akasema, akaipigia mistari miwili. Mimi namba ile haikuniambia kitu. Ndipo nikapata wazo, na kuanzia hapo wiki yangu ikabadilika.

Ijumaa saa ya michezo baba watoto akaja na boda yake, maana ndiyo pekee kijiweni ambayo mita yake bado inasoma. Akapima kutoka geti la shule hadi mashine ya kusaga: kilomita moja, na mashine ikiwa chini kidogo, kwa hiyo mteremko tuliongezewa bure. Nikawaita wavulana wa mbio. Yule wa S.2, kwa sababu ya kifua, nikampa simu yangu ashike saa.

Wa kwanza akafika kwa dakika 3 na sekunde 11. Alijitupa kwenye nyasi karibu na magunia ya mahindi, akaomba maji, hakuna aliyempa kwa sababu wote nao walikuwa chini. Wenye unga kichwani wakatoka ndani ya mashine kutazama.

"Hiyo ni moja," nikawaambia. "Zimebaki arobaini na moja na kipande. Kwa mwendo huohuo."

Kimya. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole akaacha.

Kisha wakaanza: Madamu naye! Madamu naye! Nina miaka 41 na viatu vya ngozi. Nikavivua. Nikakimbia barabara ile nikishika sketi, shule nzima kwenye uzio, kina mama wa nyanya wamesimama, mbuzi wa jirani akanifuata hatua kadhaa kisha akachoka na mimi. Nilipofika mashine sikuwa naona.

"Dakika nane na sekunde arobaini, Madamu," akasema yule binti, bila kucheka, kama karani. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na nikamsikia kifua chake ni kizima kabisa.

Usiku huo nikaandika upya. Nimeanza na Chiang Mai, 2022, dhahabu ya dunia ya mbio za mlimani, zile za kupanda na kushuka. Hapo sikuhitaji kueleza: mtoto wa huku anajua kwamba kupanda ni mapafu, na kushuka ni magoti na moyo mgumu. Halafu Abu Dhabi, na ile kilomita yetu ya mashine ya kusaga imeandikwa pembeni kwa penseli ili wapime wenyewe. Budapest, 2023, wa 14 duniani. Cheo chake jeshini, sajini. Paris, tarehe 11 Agosti 2024, wa 44. Stafurumu mmoja akauliza, wa 44 nayo tunaiandika? Nikamwambia aende getini avue viatu.

Kuuawa kwake nimeandika mistari mitatu. Nilitaka miwili, nikashindwa. Petroli lazima ikae pale. Yule binti alipita leo asubuhi akielekea kuchota maji, akasimama mbele ya ubao. Nilimwona midomo ikitembea. Anahesabu. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Ya Kiplagat bado. Ninazo dakika zake, 8:03.81, Lausanne 2010, mita 3000 za kuruka viunzi 28 na maji mara saba, na Olimpiki tatu: Beijing, London, Rio. Nataka tutafute kitu cha kuruka kwenye uwanja wetu kabla sijaandika, gogo au mtaro ule wa jikoni. Lakini manila zimekwisha. Safari hii zimekwisha kweli, kamuulizeni naibu.

Mvua imeanza tena, nzito. Ule ufa nyuma ya jiko letu niliowaambia, baba watoto anasema ni udongo unakauka. Udongo gani unakauka mwezi wa kumi mlimani? Jumatatu ulikuwa unapitisha kidole. Leo jioni nimeingiza kiganja chote mpaka kifundo, na ndani ni baridi. Wale wa Bulambuli waliofukiwa na maporomoko 2024 ilikuwa mwezi wa kumi na moja, usiku. Watoto nimewahamishia chumba cha mbele, nimewaambia paa la nyuma linavuja. Baba watoto anakoroma. Asilimia 4.