Kumbukumbu za banda la kinyonga, Nyegezi: Limi na mayai yake

Mwishoni mwa Mei

Masika yamekatika na upepo umegeuka. Kiangazi kikiingia Mwanza, majani ya uani hukauka mapema asubuhi, na kwa kinyonga hilo ni jambo kubwa, maana yeye hanywi maji ya bakuli. Hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani. Maji yaliyotulia chini anaweza kuyapita tu. Kwa hiyo kazi ya banda mwezi huu ni maji. Nimetundika chupa juu ya wavu, nimeitoboa kitako kwa sindano, tone linashuka jani hadi jani tangu asubuhi. Jioni, kabla giza halijaingia, napulizia majani yote mpaka yanachuruzika.

Kwa anayezisoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: Limi ni kinyonga jike wa aina ya kawaida kabisa huku kwetu, yule wa kijani mwenye vipande vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa. Jina lake la kisayansi ni Chamaeleo dilepis. Aliokolewa Luchelele kwenye shamba lililokuwa likisafishwa, watu wakiwa wameshaokota mawe wamuue. Namtunza kwa kibali, kwa sababu mnyamapori Tanzania hafugwi kienyeji, na kinyonga ni mnyamapori kama alivyo swala. Banda ni la mbao na wavu wa chuma pande zote, limeegemea jiwe kubwa la uani ambalo hushika joto la jua mpaka saa mbili usiku.

Wavu nimeuchagua kwa makusudi badala ya kioo. Mwanga wa jua una miale ya UVB ambayo ngozi ya kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haifyonzwi inavyotakiwa. Kioo huizuia miale hiyo. Kinyonga wa nyuma ya dirisha anaweza kuota joto siku nzima na mifupa ikaendelea kulainika.

Kila siku naandika mambo yale yale: kalala tawi gani, kaamka saa ngapi, rangi yake, kala nini, ulimi umefika au haukufika, kinyesi kikoje. Mdogo wangu huniuliza kwa nini nijaze daftari kwa mnyama anayeshinda kwenye tawi moja. Kinyonga ni chakula cha ndege na nyoka, na porini anayeonekana mnyonge ndiye hutangulia kuliwa. Kwa hiyo huuficha ugonjwa mpaka nguvu za kuuficha zimwishie. Anayemtazama leo peke yake haoni kitu. Daftari linanipa jana na juzi, nami nalinganisha.

Juni, wiki za mwanzo

Limi amebadilika. Madoa ya manjano yamekolea ubavuni, tumbo limejaa na ukimtazama kwa pembeni unaona vinundu vimepangana chini ya ngozi. Ni mayai. Bila shaka alipandwa kabla hajaletwa kwangu. Majike ya kinyonga yanaweza kutunza mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu. Aina hii hutaga mengi kwa mkupuo mmoja, mara nyingi kati ya 25 na 50, na kila yai ganda lake linadai kalsiamu.

Hapa ndipo mzani unapoweza kumdanganya mtu. Namba inapanda kila nikimpima, na anayesoma namba tu angesema mnyama ananenepa. Lakini mayai ndiyo yanayopanda. Mimi natazama kichwa na mapaja. Nyuma ya macho pamebonyea kidogo kuliko mwezi uliopita, na mapaja ya nyuma yamekonda. Mwili unajitoa ili mayai yakamilike.

Nimeongeza chakula: panzi, nyenje, nzi wa kukamata, na jioni zile vijidudu vya ziwani vinapopanda angani kama moshi, naweka taa karibu na banda vijae wavuni. Panzi na nyenje wanakaa kwangu siku moja au mbili kwanza, wakila mchicha, matembele na karoti, ndipo naye awale. Mdudu mwenye tumbo tupu hana cha kumpa. Na simwokotei kitu kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa-ukoko ya mbu, wala kwenye bustani ya mboga ambako sijui imepigwa nini.

Juni, katikati

Leo ulimi haukufika. Panzi alikuwa umbali wa shubiri moja, umbali ambao Limi huutupia ulimi bila kufikiri. Macho yote mawili yakamlenga, mdomo ukafunguka, ulimi ukatoka kwa uzito, ukaishia njiani, ukarudi taratibu. Akajaribu tena, vilevile. Mchana nikamhamishia tawi jingine, na vidole vyake vikatetemeka vilipokuwa vinatafuta pa kushika. Kinyonga mzima ukimtoa kwenye tawi humng'ang'ania mtu hadi ukucha unachoma. Limi aliachia tu.

Nimekaa na daftari usiku huu nikitenganisha kimoja na kingine, kwa sababu dalili za kinyonga zinafanana kwa mbali.

Kufunua mdomo si lazima iwe ugonjwa: mchana wa jua kali hufunua ili apoe. Akifunua asubuhi ya baridi, kichwa kakiinua juu, mate yanavuta au kuna mlio wa mapovu akipumua, hapo ni mapafu, na hapo hakuna kungoja. Limi hana hayo. Nimemtazama pembezoni mwa mdomo kutafuta uvimbe au kitu cha njano kama jibini, ambacho ni kuoza kwa fizi; pasafi. Rangi ya giza upande mmoja tu, ule unaotazama jua, ni kuota joto. Rangi ya giza mwili mzima mchana kutwa ni shida. Yake ni ya kawaida. Macho yamejaa, hayajazama, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi bado ni nyeupe. Ingekuwa ya rangi ya chungwa ningesema maji hayamtoshi. Macho hafungi mchana. Hilo ndilo ningeliogopa kuliko yote: kinyonga anayefumba macho jua likiwa juu anaumwa, hakuna maelezo mengine.

Kinachobaki ni misuli: ulimi, vidole, mshiko. Na misuli ikikosa kalsiamu ndivyo inavyofanya.

Mama jirani, ambaye ana kuku wengi na anajua mifugo kuliko mimi, alisimama ukutani akanitazama. "Mwanangu, mkorogee ile dawa ya njano ya vifaranga, kesho utamkuta anakimbia." Nikamwambia, "Asante mama, ila ngoja kwanza nijue anaumwa nini." Alikubali, akaniletea kikapu cha maganda ya mayai niliyomwomba. Ile dawa ya njano ni kiuavijasumu. Haina cha kufanya kwa mnyama aliyepungukiwa madini, na ukimmiminia kinyonga maji ya dawa mdomoni kwa nguvu, njia yake ya hewa iko mbele kabisa kwenye sakafu ya mdomo. Ni rahisi mno kuyapeleka mapafuni. Na ivermectin, dawa ya minyoo ya ng'ombe, watu huitumia kwa kila kiumbe, wakati hiyo hiyo inaua kobe.

Juni, siku iliyofuata na zilizofuata

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya boksi lenye matundu na tawi la kushika, nimelifunika kwa kanga ili asione barabara. Nilibeba na daftari, na kinyesi kibichi kwenye kichupa safi. Ningemshauri yeyote afanye hivyo hivyo. Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi, mbwa na kuku, na mtu hawezi kukumbuka tabia za mnyama asiyemwona kwa mwaka mzima. Lakini ukimwekea mezani siku kwa siku nini kimebadilika, anafanya kazi yake vizuri sana.

Alisoma kurasa, akampapasa Limi tumbo kwa ncha za vidole, akamwangalia mikono kama imepinda. Kisha akasema, "Hii naijua. Ng'ombe akikaribia kuzaa au akishazaa tu huanguka hivi hivi, tunaita homa ya maziwa." Ni kweli kabisa. Ng'ombe kalsiamu yake inakwenda kwenye maziwa, ya Limi inakwenda kwenye maganda. Mifupa ilikuwa bado migumu, taya halikubonyea, mikono imenyooka. Tumemuwahi kabla mwili haujaanza kula mifupa yake. Alipimiwa kalsiamu ya maji kwa uzito wake, kiasi kidogo kisichojaza hata kijiko, na daktari mwenyewe akaidondosha ncha ya mdomo tone moja moja, akingoja ameze. Kipimo sikiandiki hapa kwa sababu kilikuwa cha Limi na uzito wake. Kwenye darubini mayai ya minyoo yalionekana machache. Tukakubaliana minyoo isiguswe mpaka atage.

Nyumbani kazi ilikuwa tatu. Kwanza jua: katikati ya mwaka jua la asubuhi linatoka upande ambao jiwe linalitia banda kivuli, kwa hiyo nimelisogeza lipate jua tangu saa moja na nusu, na nimeacha matawi yenye majani upande wa pili ajifiche akishiba joto. Pili maji, kama kawaida, ila tone limeongezwa kasi. Tatu ni unga wa kalsiamu juu ya wadudu, na hapa nataka kusema zaidi maana ndipo watu wanapopotea dukani.

Ukienda duka la pembejeo ukasema unataka kalsiamu, utapewa vitu tofauti. Kuna DCP (dicalcium phosphate), unga wa madini ambao wafugaji wa kuku wanaujua sana. Huo una fosforasi pia, na wadudu tayari wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kumwongezea ni kuvutana na kile unachokitafuta. Kinachofaa ni chokaa ya chakula cha kuku, iliyosagwa laini kabisa na isiyochanganywa kitu. Wala isije ikawa chokaa ya kupaka ukuta! Ile inaunguza mdomo na macho. Mimi nimetumia maganda ya mama jirani: nimeyachemsha, nimeyaanika, nimeondoa ile ngozi ya ndani, nimeyasaga na kuyachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa kama unga wa mtoto. Panzi anaingia kwenye kikombe chenye unga kidogo, anatikiswa, anapewa Limi hapo hapo kabla hajajipangusa. Siku za mwanzo nilimshikia mdudu kwa kibano karibu na mdomo ili asitegemee ulimi.

Ulimi ulirudi polepole. Kwanza ulifika nusu, halafu ukafika lakini ukateleza, kisha jioni moja panzi akatoweka kabla sijauona ukitoka. Nilifurahi mno, nikamwita mdogo wangu aje atazame kikombe kitupu.

Mwanzoni mwa Julai

Ameacha kula tena, na safari hii ni jambo jingine. Anatembea. Anashuka hadi chini, anazunguka kona zote, anapanda, anashuka, anakwangua sakafu kwa mikono ya mbele. Macho yako wazi, anakunywa, mshiko una nguvu. Jike anayetafuta pa kutagia hufanya hivi, na hahitaji dawa bali udongo. Angelala sakafuni akiwa amefumba macho, au akajikaza bila kitu kutoka, ningekuwa njiani kwa daktari usiku huo huo, kwa sababu mayai yakikwama huua.

Ndoo ya lita 20 ilikuwa tayari tangu Juni: mchanga wa ufukweni uliooshwa, umechanganywa na udongo wa shamba, una unyevu wa kutosha. Kipimo changu ni kutoboa kwa kidole. Tundu likisimama bila kuporomoka, naye ataweza kuchimba handaki. Kina ni zaidi ya sentimita 30. Nimezungushia ndoo kanga pande zote na nimewaomba wote nyumbani wasipite upande ule. Akihisi anatazamwa anaweza kuliacha shimo na kuyazuia mayai.

Julai, baada ya kutaga

Ametaga. Alichimba tangu mchana, akageuka akiwa ndani, kichwa tu kikionekana, na asubuhi udongo ulikuwa umeshindiliwa kama hapakuchimbwa. Alitoka na matope hadi usoni, amenywea, ngozi ya ubavu inaning'inia. Nilimwachia maji yatone asubuhi nzima; alikunywa kwa muda ambao sijawahi kumwona akinywa. Mchana akala, jioni akala tena.

Mayai nimeyafukua kwa brashi na kijiko, nimeyaweka kwenye bakuli lenye mchanga wenye unyevu, yakitazama juu vilevile yalivyokuwa, bila kuyageuza. Yanaweza kuchukua karibu mwaka kuanguliwa, kwa hiyo bakuli limewekwa mahali penye kivuli chumba cha stoo, na ukurasa wake kwenye daftari. Afisa wa wanyamapori anayesimamia kibali changu nimeshamjulisha, na watoto wakitoka watarudishwa vichakani kwa maelekezo yake.

Uzito wa Limi sasa unasomeka kwa ukweli, nao unapanda taratibu. Pale nyuma ya macho pameanza kujaa. Unga wa kalsiamu unaendelea, ila sasa si kwa kila mlo. Wiki ijayo kinyesi kinarudi kwenye darubini, na daktari ataamua kuhusu minyoo akiwa na uzito mpya mkononi. Mama jirani ametenga tena maganda, safari hii ameshayachemsha mwenyewe.