Kumbe mwenye kombo ni lenzi

Leo asubuhi nilikuwa Mji wa Kale, napima mlango wa nakshi kwa picha. Mwenyewe hataki ngazi iegemezwe, na ana haki.

Kwenye picha, miimo yote miwili imevimba kama pipa!

Fundi mmoja mzee akachungulia, akacheka: "Mwanangu, mlango huu naujua tangu utotoni. Haujapinda. Hilo jicho lako la kioo ndilo lenye kombo."

Nikabandika karatasi ya miraba kama ya dama juu ya kipande cha kioo bapa (kwenye mbao, unyevu wetu huu huikunja). Nikaipiga karatasi hiyo picha 20, kila moja kwa pembe yake. Kwa miraba hiyo programu ikakokotoa kombo la lenzi, ikalinyoosha kwenye picha ya mlango.

Miimo ikasimama wima. Mzee akaitazama kimya, kisha: "Sasa umeuona."

Wapimaji wenzangu, nyinyi hubandika juu ya nini?