Daftari la komwe: miezi mitatu ya kujifunza kuzuga katika poka

Jumamosi ya tatu

Nimeshikwa tena. Mezani kopa tatu, mkononi sina hata moja, nikatia komwe 20 kwa mkupuo kana kwamba ninazo mbili za kutimiza kopa tano, na uso nimeukaza kama mtu anayesikiliza tanzia. Nahodha hata hakunitazama. Alipiga funda la kahawa, akasema, "Nakufuata," akalaza jozi ya tisa.

Jozi ya tisa, kopa tatu zimelala mbele yake! Nimeandika hapa ili hasira zipungue.

Kwa asiyejua mchezo wetu: ni poka, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote, tatu zikifunguliwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Mtu akitia komwe, wenzake humfuata kwa kutia kiasi hicho, au hutupa karata. Aliyeileta barazani ni shemeji yangu. Aliwapikia Wataliano hapa Malindi miaka mingi, na wao wakimaliza kula walikuwa hawaondoki mezani. Tunacheza kwa Ami, mtaa wa Shela, Jumamosi baada ya isha. Tuko sita. Nahodha amejiunga kwa sababu ya kusi. Mashua yake imepandishwa ufukweni na hana pa kwenda.

Ami alikubali kwa sharti mbili. Ya kwanza, pesa isionekane, wala soda, wala kitu chochote cha kuliwa na mshindi. Kamari haiingii kwake. Ya pili ilituchekesha wakati huo: "Uongo wenu ubaki ndani ya sinia. Mtu akiulizwa jambo nje ya sinia, aseme kweli."

Kwa hiyo tunachezea komwe. Ami ana mabao mawili, kila moja lina kete 64, na zilizopungua tumeokota vichakani kule ufukweni mpaka zikafika 240. Kila mtu huanza na 40. Katikati ya mkeka tumeweka sinia la bati, na komwe zote hutiwa humo. Mradi wangu ni huu tu: nataka nizuge mtu mzima, aliye macho, atupe karata iliyo bora kuliko yangu. Daftari ninalo, kalamu ninayo. Kila nikizuga naandika nilikuwa na nini, mezani palikuwa na nini, nani alinifuata.

Mpaka leo: kuzuga mara sita, kushikwa mara sita.

Jumamosi ya nne

Mwalimu anafundisha hisabati, kwa hiyo nilimpelekea daftari anisaidie. Akaanza na hesabu ya kunipa moyo. Ukipewa karata mbili zisizo jozi, zile tatu za mwanzo zikifunguliwa, karibu mara mbili katika tatu hutapata jozi na karata yako yoyote. Yaani watu wengi, mara nyingi, wamekaa na takataka. Tena: sinia likiwa na komwe 20 nawe ukatia 10, unahatarisha 10 ili upate 20. Wakitupa karata mara moja tu katika tatu, hujapata hasara. Ukitia 20 kwenye 20, inabidi watupe nusu ya nyakati.

Nikamwambia, Mwalimu, hao hawatupi hata mara moja katika sita.

Akacheka. "Kwani wakikufuata wanapoteza nini? Mbegu?"

Hapo ndipo tatizo lilipo, na najilaumu nilivyochelewa kuliona. Kuzuga ni kumtia mtu hofu ya kupoteza kitu, na barazani kwetu hakuna kinachopotea. Komwe zikikuishia, Ami anakuchotea nyingine. Nahodha hakunifuata kwa kuwa ameusoma uso wangu. Alinifuata kwa sababu kutazama karata zangu ni bure, naye ana udaku kuliko paka wa sokoni.

Jumamosi ya tano

Tumebadilisha kanuni. Nilipendekeza mimi, Ami akaifikiria usiku mzima kisha akaipitisha: hakuna kuchotewa. Atakayeishiwa wa kwanza ndiye atakayewamiminia wenzake kahawa mpaka mchezo uishe, na buli haliwekwi chini. Si mali, ni kazi tu.

Kumbe watu walikuwa wakisubiri kitu cha kuogopa! Ungemwona Shemeji anavyozikumbatia komwe zake sasa. Nahodha, mtu aliyezoea mabaharia wamletee yeye kahawa, alitupa karata mara tano mfululizo. Mimi nilizuga mara moja, na shabiki mmoja wa Mwalimu (kijana wa jirani, hucheza bila kufikiri) akatupa. Nikaandika kwa herufi kubwa. Lakini kijana yule hutupa hata asipozugwa, kwa hiyo sijaihesabu sana.

Aliyemimina kahawa ni mimi.

Jumamosi ya sita na ya saba

Nimeacha kutazama nyuso. Nilikuwa nikidhani poka ni macho: nani anapepesa, nani anameza mate. Lakini nyuso za hapa zimezoea kazi. Mtu anayeuza samaki alfajiri akiapa kwamba ni wa leo, utamsoma nini usoni?

Mwalimu aliniambia kuna utafiti uliochapishwa 2013, ulioongozwa na Michael Slepian. Walichukua picha za video za mashindano makubwa ya poka ya 2009, wakawaonyesha watu wasio wachezaji vipande vifupi, wengine wakiona uso peke yake, wengine mikono peke yake inapotia pesa. Walioona mikono walikisia ubora wa karata vizuri kuliko kubahatisha. Walioona nyuso walifanya vibaya hata kuliko wangebahatisha tu. Mchezaji anaulinda uso, mkono anausahau.

Basi nikakaa na sinia letu. Sinia la bati lina faida ambayo hao watafiti hawakuwa nayo: linasema. Nahodha akiwa na takataka hudondosha komwe kutoka juu, moja moja, sinia linalia kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Akiwa na kitu, hushusha kiganja mpaka chini na kuzisukuma taratibu, husikii ila mkwaruzo. Kimya kina mshindo mkuu. Nimekisikia mara nane, na katika mara saba alizolaza karata zake, zote zilikuwa nzito.

Shemeji alinitia hasara kwa kinyume chake. Mkono ulimtetemeka mpaka komwe mbili zikaanguka mkekani. Nikasema huyu anazuga, anaogopa. Nikafuata kwa komwe 25. Alikuwa na malkia watatu na jozi ya kumi. Mwalimu akanieleza baadaye kwamba hilo ni kosa la kila anayeanza: mtetemeko wa ghafla aghalabu ni wa mtu aliyepata kitu kikubwa na moyo unamwenda mbio. Anayezuga hujibana akawa kama gogo.

Kumsoma Mwalimu mwenyewe hakuhitaji macho wala masikio. Katika wiki saba hajazuga hata mara moja. Akiongeza, unatupa, mnaendelea na maisha. Nimeanza kuamini kwamba sehemu kubwa ya kumsoma mtu ni kukumbuka alichofanya Jumamosi iliyopita, na hapo daftari linanipa nguvu.

Kuzuga kwangu: kumi na moja. Kushikwa: tisa. Na hofu ya buli ipo. Sielewi.

(Kando kidogo. Tunapogawa karata tunasema kopa, shupaza, uru na pau, na hata turufu, bila kufikiri ni za nani. Zote ni za Wareno: copas, espadas, ouros, paus, trunfo. Neno karata lenyewe ni lao. Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498 na mnara wake bado unatazama bahari. Wenyewe walikwenda zao, wakatuachia mnara na shupaza.)

Jumamosi ya nane

Nilirudi nyumbani pamoja na Shemeji. Njiani nikamlalamikia: nafanya hesabu, nachagua wakati, natia kiasi kinachofaa, na bado nashikwa. Akasimama chini ya taa ya duka la kona akaniangalia kwa huruma.

"Shemeji, kwani hujui? Ni kalamu."

"Kalamu gani?"

"Ukiwa na karata za kweli, kalamu iko sikioni. Ukizuga, unaitoa sikioni unaishika. Unataka kuandika. Hata mtoto wa jirani anajua."

Wiki nane! Ni kweli tupu. Daftari ni la kuandika kuzuga kwangu, na nikishaamua kuzuga, mkono unatangulia kwenye kalamu kabla komwe hazijafika kwenye sinia. Nimewasoma watu watano, na wao watano walikuwa wakisoma kitu kimoja kilichotiwa wino.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa nammiminia kahawa vizuri.

Jumamosi ya tisa

Nane tatu mkononi mwangu kwa hesabu: mbili nilizopewa na moja mezani. Nikaitoa kalamu sikioni, nikaifungua kifuniko, nikatia komwe 30. Nahodha aliiona kalamu, akatabasamu, akazidondosha 30 zake kutoka juu, sinia likalia. Nikalaza nane.

Alinyamaza. Kisha akamgeukia Shemeji: "Wewe umemwambia."

Hila hiyo imefanya kazi mara moja na haitarudi. Kuanzia leo kalamu haina maana kwa yeyote, na daftari litalala dukani.

Wiki hii Mwalimu alinipa jambo jingine la kutafuna. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alianza kuandika kuhusu nadharia ya michezo 1928, na poka ilikuwa moja ya mifano yake. Katika mfano wake uliorahisishwa, mchezaji bora hutia kiasi kikubwa akiwa na karata nzuri sana au mbovu sana, na zile za katikati hupita nazo polepole. Mimi nimekuwa nikifanya kinyume. Nilikuwa nazuga na jozi ndogo, kwa kuwa naogopa kwenda uchi kabisa. Lakini jozi ndogo ina thamani yake, huenda ikashinda bila kelele. Ukiizuga, walio chini yako wanatupa, walio juu yako wanakufuata. Umejitafutia adui peke yake.

Jumamosi ya kumi na moja

Nilikuwa na komwe 90 hivi. Nikapewa ree ya shupaza na saba ya pau. Nikaongeza, wote wakatupa ila Nahodha. Zikafunguka kingi wa shupaza, tisa ya shupaza, nne ya kopa. Sina kitu. Nikatia nusu ya kilichomo, kama mtu anayesubiri shupaza. Akafuata. Ikaja sita ya uru. Nikatia tena nusu, tena bila haraka, kiganja chini, nikizisukuma. Akafuata. Sinia likawa na 57.

Ya mwisho: mbili ya shupaza.

Sasa mezani shupaza tatu, na hadithi niliyoisimulia tangu mwanzo ilikuwa ya shupaza. Mwenye shupaza mbili mkononi ameshinda. Mimi nina moja, yaani sina. Lakini hiyo moja ni ree, na maadamu iko kwangu, Nahodha hawezi kuwa na shupaza kubwa kuliko zote. Hata akiwa na zake mbili, atakaa akijiuliza ree iko wapi. Nikatia 40. Kwa hesabu ya Mwalimu, alipaswa kutupa mara mbili na ushei katika tano ili nisipate hasara.

Alinitazama sikio. Hakuna kalamu. Akatazama miguuni pangu, daftari halipo. Akachukua komwe moja akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, ikang'aa kwa mafuta ya mkono wake. Ami akaacha kuvuta uradi. Mimi nilikuwa nahesabu mistari ya mkeka, mwekundu, mweusi, mweupe, mwekundu.

Nahodha akairudisha ile komwe kwenye fungu lake. "Chukua," akasema, akamwonyesha Ami kingi wake wa kopa, akautupa.

Nikazichanganya karata zangu na nyingine kabla hajanyoosha mkono.

Jumatatu

Ameingia dukani saa mbili asubuhi kutaka misumari ya mashua, kilo tatu. Nikaanza kupima. Akaegemea kaunta, akatazama nje, akatazama mizani.

"Mwanangu, nje ya sinia nakuuliza. Jumamosi ile, ulikuwa na ree ya shupaza?"

"Nilikuwa nayo, Nahodha. Wallahi."

"Nilijua," akasema, na uso ukamtulia. Nikamzidishia misumari kiganja kimoja.