Kuirudisha Juni kwa jina jingine

Alhamisi, jioni

Mweka hazina wa kikundi chetu cha wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambaye sote tunamwita Mama, amekuja na kitabu cha akiba cha mwanachama mmoja. Kitabu kina mhuri wa Juni, lakini kompyuta inaonyesha akiba pungufu. "Marahaba mwanangu," aliitikia salamu yangu, kisha: "Sitaki maelezo. Nataka kuiona Juni ilivyokuwa."

Swali hilo limekaa nami siku nzima, kwa sababu ni la haki kabisa. Kanzidata yetu, yaani hifadhi ya rekodi kwenye kompyuta, inaijua leo tu. Rekodi ikishabadilishwa, ilivyokuwa awali haionekani tena. Juni imo kwenye nakala rudufu, nayo siwezi kuirudisha mahali pake, maana ingefukia michango yote iliyoingia baadaye. Inabidi irejeshwe kwa jina jingine, ikae kando ya ile inayofanya kazi, kama leja ya zamani iliyofunguliwa mezani huku ya sasa ikiendelea kuandikwa.

Hapo ndipo penye hatari, na natamani kila anayetunza hesabu za watu aijue. Tunatumia MySQL, programu ya kutunza kanzidata. Faili la nakala rudufu linalotoka kwenye mysqldump, chombo chake cha kunakili kanzidata, ni maandishi ya amri; unaweza kulifungua ukalisoma. Likiwa limetengenezwa kwa chaguo la --databases, ndani yake kuna USE, amri ya kuchagua kanzidata ya kufanyia kazi, pamoja na jina la asili. Basi unaweza kuunda kanzidata mpya, ukaitaja vizuri kwenye amri ya kurejesha, na bado faili likaigeukia ile ya asili, likafuta majedwali yake na kuweka ya Juni. Halikuulizi. Kwa hiyo nilisoma mistari ya mwanzo kwanza: USE haikuwemo. Kisha nikaunda kanzidata mpya, ushirika_juni, na faili nikaliingiza kwa akaunti yenye ruhusa humo pekee, ili seva yenyewe ikatae kama kuna amri iliyojificha. (Zamani MySQL ilikuwa na amri ya RENAME DATABASE, ya kubadili jina la kanzidata. Iliingia toleo la 5.1.7, ikaondolewa 5.1.23 kwa kuwa ilihatarisha data. Waliiondoa kwa busara.)

Kazi ilimalizika bila kosa lolote. Lakini je, kilichorudi ni Juni kweli? Nilihesabu rekodi, nikatazama tarehe ya mwisho. Kipimo ninachokiamini zaidi kilitoka ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti sana na mitumbwi mingi hupumzika. Fedha za wanachama wetu huenda kwa mwendo huohuo. Nikaipanga michango kwa tarehe, nikamwita Mama atazame. Alipitisha kidole polepole kwenye skrini, siku zilizojaa, siku zilizokauka. "Hapa mwezi ulikuwa mkubwa," akasema. "Eeh. Hii ni Juni yenyewe."

Salio la mwanachama yule lilikuwa sawa na la kitabuni, shilingi kwa shilingi.

Kwa kuwa kanzidata zote mbili ziko kwenye seva moja, niliweza kuziuliza kwa pamoja, safari hii kwa akaunti ya kusoma tu: rekodi zipi za Juni leo zina namba nyingine ya uanachama? Zikatokea. Michango yake ilikuwa imehamia kwa mwenzake mwenye jina linalofanana na lake. Mama alikaa kimya kidogo. "Amekuwa akisema, na sisi tulikuwa tunamwonyesha kompyuta."

Jumamosi kamati itakaa. Nimeomba marekebisho yaandikwe kama muamala mpya wenye maelezo, yasifanywe kwa kubadili tarakimu kimyakimya, ili atakayeuliza siku nyingine aione njia yote. Baada ya kikao nitaifuta ushirika_juni. Ina majina, simu na fedha za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu vitu hivyo vibaki vikizagaa baada ya kazi yake kwisha. Hata bila sheria nisingeiacha.

Ila Mama anataka mwenye akiba aione kwanza kwa macho yake. Atakuja naye kesho asubuhi, soko likishapungua shughuli.